Kamaru wa Baba, Kamaru Wangu

Muziki wa Kenya una Joseph Kamaru wawili, na nyumbani kwetu Nakuru tumegombana kwa ajili ya wote wawili.

Wa kwanza ni mzee. Alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akaimba kwa Kigikuyu kwa miaka mingi, akafariki Oktoba 2018. Wa pili ni mjukuu wake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997 na, kama ilivyo desturi ya Wagikuyu, akapewa jina la babu yake. Kwenye muziki amelifupisha likabaki herufi nne tu: KMRU. Babu alipiga gitaa na kutunga maneno yenye mafumbo. Mjukuu haimbi. Anatengeneza muziki wa elektroniki usio na ngoma wala kiitikio, muziki unaotanda chumbani polepole kama moshi wa ubani.

Mbali na jina, wanafanana katika jambo moja. Kila mmoja wao, akiwa tayari ana watu wake, aligeuza muziki na kuwaacha watu hao wakijiuliza wafanye nini. Babu aligeuka mwaka 1993. Mjukuu amekuwa akigeuka tangu alipohamia Berlin kwa masomo. Baba yangu ni msikilizaji wa babu. Mimi, muuguzi wa zamu za usiku hapa Ruwi, ni msikilizaji wa mjukuu. Naandika habari zao kwa sababu kila tuliye nje anayajua maneno yale ya kwenye simu, "siku hizi umebadilika," na kwa wanamuziki hawa wawili maneno hayo yanaweza kusikika kwa masikio, mwaka kwa mwaka.

Gitaa lililookoka

Baba alikuwa dereva wa lori kati ya Nakuru na Malaba. Kaseti zake zilikaa ndani ya kopo la Kimbo nyuma ya kiti, na nyingi zilikuwa za Kamaru. Kwa asiyemjua, mzee yule hakuwa wa kuchezesha watu harusini tu. Aliimba mapenzi na mawaidha ya ndoa, lakini pia aliimba siasa wakati ambapo siasa ilimgharimu mtu. Mbunge J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Kamaru alimlilia kwa wimbo. Wimbo wake mwingine, Ndari ya Mwarimu, juu ya mwalimu na mwanafunzi wake wa kike, uliwaudhi walimu hadi chama chao kikalalamika.

Mwaka 1993 akatangaza kwamba ameokoka. Nyimbo za dunia zikaisha, bendi ikageuka kuwa ya injili.

Mama alifurahi sana. Alinunua kaseti mpya na kuipiga kila Jumapili tukirudi kanisani. Baba, ambaye kanisani huenda Krismasi na kwenye mazishi, alikuwa akitoka nje kukagua magurudumu ya lori. Magurudumu yale hayajawahi kukaguliwa kama mwaka ule. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyosema mezani, na mpaka leo tunacheka: "Mtu kuokoka ni vizuri. Lakini gitaa nalo liokoke kwa nini?"

Kicheko hicho kina uchungu ndani yake. Mapigano ya kikabila ya miaka ile yalikuwa yamewatoa watu makwao Molo na Burnt Forest. Barabara aliyopita baba kila wiki ilipita katikati ya mambo hayo. Alikuwa akimsubiri Kamaru aseme neno, kama alivyosema mwaka 1975, na Kamaru akaimba mbinguni. Baba hakununua hata kaseti moja ya injili. Alihifadhi lile kopo. Wenzake wengine walifanya hivyo hivyo, na soko la kaseti za zamani pale River Road halikufa.

Nimeishi na tabia hiyo ya baba tangu utotoni na sijawahi kuiona kuwa ukaidi. Msikilizaji naye ana haki zake. Aliyekununulia kaseti kwa pesa ya mafuta ya taa hawezi kuambiwa tu kwamba dukani sasa kuna kitu kingine.

Ndege wamekwenda wapi?

Mjukuu nilikutana naye mwaka 2020. Nilikuwa nimefanya kazi miaka kadhaa na stashahada yangu ya Kenya, nikaenda Uingereza kuchukua digrii, na Covid ikanikuta huko. Rafiki yangu akanitumia kiungo na maneno mawili: "Kamaru kafufuka?" Nikafungua nikitarajia gitaa.

Ilikuwa albamu ya Peel, iliyotolewa Julai 2020 na Editions Mego, lebo ya muziki wa majaribio iliyoheshimika sana Ulaya. Kipande cha kwanza kinaitwa Why Are You Here, yaani kwa nini uko hapa. Kwa mtu anayetoka zamu asubuhi na alama za barakoa usoni, mbali na kwao, jina hilo lilitosha kunikalisha kitandani na viatu. Hakuna kinachotokea ndani yake kwa maana ya kawaida. Sauti moja nzito inavutwa, nyingine inaingia chini yake, kwa mbali kama kuna mtu anahamisha vitu katika chumba kingine. Kipande cha mwisho, chenye jina la albamu, kinapita dakika 20. Nililala kabla hakijaisha, na kwa miezi ile kulala hakukuwa jambo dogo.

Mwaka uliofuata ikatoka Logue, mkusanyiko wa vipande alivyokuwa ametengeneza kati ya 2017 na 2019 alipokuwa bado Nairobi. Hapo ndipo nilipomshika kweli. Njia yake ya kazi ilikuwa rahisi kuieleza. Anatembea na kinasa sauti, anarekodi mahali, kisha nyumbani anaweka sauti za sintesaiza juu yake mpaka hujui pa kutenganisha. Kipande kimoja, Jinja Encounters, kimechukua jina lake kwa mji wa Jinja, Uganda, pale Nile inapotoka ziwani. Ukisikiliza kwa hedifoni unajua kwamba hapa ni Afrika Mashariki, ingawa hakuna ngoma wala neno la kukuambia hivyo.

Nilikuja Muscat na albamu hizo mbili kwenye simu. Wale ambao hawajafika Ruwi, niwaeleze kidogo. Ni mtaa wa biashara uliobanwa na milima ya mawe meusi pande zote, kwa hiyo sauti ikitoka hairudi haraka ilikotoka. Kuna kituo cha mabasi, kuna maduka ya dhahabu na ya simu na ya vitambaa, kuna adhana kutoka misikiti kadhaa zinazopishana kwa sekunde chache. Kimalayalamu, Kiurdu na Kibangla utavisikia kabla ya Kiarabu. Kiswahili nacho kipo, hata kwenye foleni ya mkate, kwa sababu Waomani waliotoka Unguja, na watoto wao, hawajakiacha. Juu ya yote hayo kuna viyoyozi. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna anayezima. Kila dirisha lina mashine yake inayovuma usiku na mchana, hata ukiwa umelala unajua umeme uko.

Mvua hapa ni karibu milimita 100 kwa mwaka. Nakuru tunaweza kupata hiyo kwa mwezi mmoja wa masika. Kwa hiyo mtu anayelala saa mbili asubuhi, mapazia yamefungwa, joto la nje limeshafika digrii 38, anahitaji kitu cha kuukumbusha mwili kwamba kuna mahali penye unyevu. Mimi nilitumia Logue. Dada ninayeishi naye, muuguzi kutoka Machakos, chumba chake kiko nyuma ya ukuta mwembamba, akaizoea kiasi cha kuniuliza nikisahau: "Leo hakuna ndege?"

Halafu ndege wakaisha.

Mwaka 2022 KMRU alitoa Limen pamoja na Aho Ssan, mwanamuziki wa Paris. Vipande vitatu, vyote kama mlima unaopasuka. Niliisikiliza mara mbili. Naona kazi iliyofanyika, nakiri ni ya watu wenye uwezo, na sijawahi kuifungua mara ya tatu. Mwaka 2023 ikaja Dissolution Grip, aliyoitoa kwa lebo yake mwenyewe, OFNOT, na hiyo nitaisemea zaidi kwa sababu mbinu yake inanivutia kuliko sauti yake. Alirekodi sauti za mahali kama zamani. Lakini safari hii hakutuwekea sauti zenyewe. Alichukua michoro ya mawimbi yake, ile milima na mabonde unayoona kwenye skrini ya kompyuta, akaifanya ndiyo noti zake, akaipiga kwa sintesaiza. Mahali pamebaki kama umbo tu. Sisi wauguzi tunakijua kitu hicho. Ni karatasi ya ECG: moyo wa mtu mzima uko pale, na hakuna mtu.

Mwaka 2024 ikafuata Natur, kipande kimoja cha dakika 52, kwa lebo ya Touch ya London. Dada wa Machakos alisikia dakika tano kupitia ukuta, akagonga. "Zima hiyo friji," akaniambia. "Imeharibika."

Hoja yake si ya mzaha, na tuliijadili wiki nzima kwenye basi la kazini. Anasema kijana ametoka kwetu na sauti za kwetu, zimempa jina, akishapata jina anatengeneza kelele za kuwekwa kwenye kumbi za Ulaya ambako watu hukaa kimya wakitikisa vichwa. Nani Machakos atasikiliza hiyo? Mamake mwenyewe ataisikiliza? Na akaongeza la kuniuma kidogo: kwamba sisi tulioko nje ndio tunaojidai kuyaelewa mambo kama hayo, kwa kuwa kuelewa kunaonyesha tumefika.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Hadhira kubwa ya muziki huu iko Ulaya, na hela zake pia ziko huko. Lakini sikubali kwamba ameipa mgongo Afrika. Katika miaka hiyo hiyo alitengeneza Temporary Stored kutokana na sauti zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, rekodi zilizochukuliwa Afrika enzi za ukoloni na kufungiwa kabatini. Na nyimbo za babu yake amekuwa akizirudisha moja moja kwenye Bandcamp, safi, ili atakaye azipate. Mtu anayekimbia kwao hashindi akipanguza vumbi kaseti za babu.

Tena kuna jambo ambalo dada yangu haliweki kwenye mizani. Tuseme KMRU angekubali. Tuseme yuko Berlin, theluji nje, anatutengenezea ndege wa Nairobi kwa sababu ndio tunaowapenda. Albamu ya kwanza tungefurahi. Ya tatu ingekuwa kinyago cha kuuzwa uwanja wa ndege: kimechongwa vizuri, kimeng'arishwa, na aliyekichonga anajua mnunuzi anataka nini.

Mlio wa stima

Natur ilitokana na kuhama kwenyewe. KMRU alizoea Nairobi, ambako usiku una sauti: transfoma zinavuma juu ya nguzo, nyaya zinalia, ndege na wadudu wanapitana. Berlin ilimpokea kwa ukimya. Giza likiingia, mitaa inanyamaza. Badala ya kuujaza ukimya ule kwa kumbukumbu, alichukua mikrofoni za aina nyingine, zenye koili, ambazo hazisikii hewa. Zinasikia sumaku ya umeme. Ukiisogeza karibu na chaja ya simu, taa, mashine ya tiketi au treni, kila kimoja kina mlio wake ambao sikio tupu haliupati. Natur imejengwa kwa milio hiyo, na chini yake, mara moja moja, kitu kama ndege au upepo kinachungulia kisha kinafunikwa.

Mimi nilielewa kwa sababu ya kazi yangu, na hili nitalieleza polepole.

Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde. Wa Oman hivyo hivyo. Wa Ujerumani na Uingereza hivyo hivyo. Ndani ya transfoma, chuma hutanuka na kujikunja kidogo mno kila mara sumaku inapopanda na kushuka, na hilo hutokea mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo transfoma huvuma kwa mitetemo 100 kwa sekunde, na ni noti ileile Nakuru, Berlin na hapa Ruwi nyuma ya jengo letu. Walioko Marekani, Kanada, na hata jirani zetu wa Saudia, umeme wao hugeuka mara 60, kwa hiyo transfoma zao huvuma kwa 120, noti ya juu zaidi. Kama umewahi kufika Toronto ukahisi kwamba usiku wa huko una kitu kisicho cha kawaida na hujui ni nini, inawezekana sikio lako lilijua.

Katika wodi ya wagonjwa mahututi tunaishi ndani ya milio ya namna hii. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza desibeli 30 usiku kwenye wodi. Hiyo ni sauti ya mnong'ono. Sijafanya kazi katika wodi ya namna hiyo, si Kenya, si Uingereza, si hapa. Pampu za dripu zinalia, monita zinalia, mashine ya kupumulia inavuta na kushusha, na kengele nyingi kati ya hizo hazihitaji muuguzi afanye lolote. Sikio hujifunza kuzipuuza, na hapo ndipo hatari ilipo. Lakini kuna sauti moja ambayo hatuipuuzi. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hupiga kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikishuka, noti nayo hushuka. Kidogo sana, nusu ngazi. Unaweza kuwa umempa mgonjwa mgongo, unachanganya dawa, ukageuka kabla skrini haijasema kitu. Hakuna aliyekufundisha noti hizo darasani. Zimeingia zenyewe.

Msikilizaji aliyezoezwa hivyo hachoshwi na muziki ambao katika dakika kumi umebadilika nusu ngazi tu. Anaposikia mabadiliko hayo anakaa wima. Natur inanifanyia hivyo karibu na dakika za katikati, na sijui kama nimeupenda muziki au nimeitwa kazini. Yuko mwanamuziki mwingine wa elektroniki, Yoko Sen, Mjapani anayeishi Marekani, ambaye baada ya kulazwa na kusumbuliwa na milio ya mashine zisizopatana aliacha mengine akageukia kazi ya kurekebisha sauti za hospitali. Naona njia yake na ya KMRU zimeanzia mlango mmoja. Mmoja alitaka mlio upungue. Mwingine akausogelea auone una nini ndani.

Hiyo haimaanishi Natur inanilaza. Hainilazi. Kwa usingizi bado natumia Logue, na kwa hukumu yangu Peel ndiyo kazi yake bora mpaka leo.

Jambo lenyewe nililieleza kwa kifupi, usiku mmoja, kwa mgonjwa mzee, mmoja wa Waomani waliokulia Unguja. Sitasema zaidi juu yake. Alikuwa haoni usingizi, na Kiswahili changu cha bara kilikuwa kinamchekesha. Yeye alikuwa na kesi yake na taarabu. Alilelewa na fidla, udi na ganuni za Ikhwani Safaa, na anasema miaka ya 1990, vikundi kama East African Melody vilipoingiza kinanda cha umeme, taarabu ilitolewa roho ikabaki na makalio. Wajukuu zake wanaicheza hiyo hiyo harusini hapa Muscat mpaka alfajiri, naye hukaa pembeni na buibui lake akihesabu mapigo yaliyokosewa.

"Na huyo wako, mwanangu, yeye katoa nini?"

"Ametoa ndege, Bibi."

Akafikiri. "Mti kaubakisha lakini?"

Nikamwambia sina hakika. Akasema basi niendelee kusikiliza, kwa sababu yeye wa kwake walikata na mti.

Simu inachofuta

Nilitaka baba aisikie. Nilimpigia siku yangu ya mapumziko, nikaweka simu karibu na spika, nikacheza Natur. Baba akasema hasikii kitu. Nikaongeza sauti. "Mama, simu imekata?" (Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.) Haikuwa imekata. Ilinichukua muda kujua sababu, na ni vizuri kila familia ya ughaibuni ikaijua: programu za simu zimetengenezwa kuyatafuta maneno ya mtu na kufuta kila kilichobaki. Mlio usiobadilika huhesabiwa kuwa kelele na huondolewa njiani. Kiyoyozi changu hakimfikii baba. Mvua ya bati la Nakuru, ikishakuwa nzito na ya mfululizo, hainifikii mimi. Miaka yote hii tumekuwa tukipigiana simu, tukifikishiwa maneno matupu, mahali pamefutwa.

Kwa hiyo nikamtumia kiungo, na ndugu yangu mdogo akamwekea kwenye spika ya sebuleni. Jioni baba akanipigia.

"Mama, hiyo ni stima."

"Ndiyo, baba."

"Ni ile transfoma ya pale kwenye kinu cha unga. Kabla mvua inyeshe."

Nilinyamaza. Ile transfoma tuliipita kila siku tukienda shule, na kweli kabla ya mvua, hewa ikiwa na unyevu, ililia kwa namna nyingine, ikichanganya na kitu kama mkaango. Nilikuwa sijaikumbuka kwa miaka ishirini. KMRU hajawahi kufika kwenye kinu chetu cha unga.

Lakini msidhani baba ameongoka. Aliuliza kama kijana huyo anaweza kupiga gitaa. Nikamwambia anaweza. Akauliza, basi tatizo ni nini?

Mwaka 2025 KMRU alirudi Editions Mego, lebo iliyomtoa na Peel, ingawa mwenye lebo hiyo, Peter Rehberg, alishafariki Julai 2021. Albamu inaitwa Kin, yaani jamaa, watu wa damu. Nimeisikiliza nikirudi kazini, basi likipita chini ya ile milima, na ninachoweza kusema ni kwamba hajarudi nyuma. Ukali wa miaka ya Berlin umebaki. Ila kuna nafasi zaidi kati ya sauti, kama mtu aliyefungua dirisha katika chumba chenye mashine. Dada wa Machakos ameipa dakika kumi na mbili, ambazo kwake ni heshima kubwa, kisha akaniomba Logue.

Baada ya ile simu nimeacha kutegemea simu kwa mambo ya mahali. Nilimwomba mama arekodi alfajiri ya nyumbani kwa programu ya kurekodi iliyomo kwenye simu yake, aiweke dirishani, aiache tu, kisha anitumie faili lenyewe. Mkifanya hivyo na wazazi wenu, waambieni wasianze kwa salamu, na wasiizime baada ya sekunde thelathini kwa kuona hakuna kitu. Mama alihitaji kuelezwa mara tatu. Alidhani nataka ujumbe, akawa anauliza aseme nini.

Rekodi iliyofika ina dakika 11. Kuna jogoo wa jirani, kuna lango la chuma, kuna lori linaloanza kupanda mlima, kuna ule mvumo chini ya vyote. Dakika ya nne kikombe kinawekwa chini, baba anakohoa na kuanza kuuliza jambo juu ya chai, na mama anamnong'oneza kwa ukali: "Nyamaza, hii ni ya Muscat."